Popo katika Nyumba ya Eda

Zuena alimkuta popo shingoni mwa mwanawe alfajiri, aliponyanyua chandarua ili amwamshe mtoto akajisaidie. Mwanzo alidhani ni kipande cha sufi, maana nyumba ile ilikuwa ya fundi wa magodoro, na sufi haikuisha kuzagaa vyumbani hata baada ya fundi mwenyewe kuzikwa. Akanyoosha mkono aipanguse. Sufi ikatambaa.

Ukelele alioupiga uliwaamsha majirani. Salama, mtoto wa miaka sita, aliruka akajigonga ukutani, akawa analia bila kujua analilia nini. Popo akabaki juu ya shuka, mabawa yameenea, anatetemeka na kufungua kinywa kisichotoa sauti. Zuena akamfunika kwa upande wa kanga, akaokota kandambili, akainua mkono.

"Wacha! Wacha, Zuena!" Bi Amisa alikuwa ameshafika mlangoni, kilemba hakijakaa sawa. "Nyumba ya eda haiuwiwe kitu!"

Bi Amisa alikuwa shangazi wa marehemu Houssein. Alitoka Muyinga akaja Gitega kukaa na mjane wa mpwawe mpaka eda imalizike, na alikaa kweli, kwa huruma na kwa amri. Kwao, alisema, kiumbe kinachoingia chumba cha mwenye eda hakiguswi kwa ubaya, kwa sababu hujui kimetumwa na nani kuja kutazama. Zuena alikuwa mzaliwa wa Ujiji, ng'ambo ya mpaka, na huko hakupata kulisikia jambo hilo. Lakini alikuwa mgeni katika ukoo ule, tena mjane, na mwezi wa tatu sasa hajakanyaga nje ya ua. Mtu wa namna hiyo ana kauli gani? Akashusha kandambili.

Bi Amisa akafungua dirisha, akaikung'uta kanga nje. Popo akaanguka majanini, akajikokota hadi ukutani, akaparamia tofali mbili tatu, kisha akaruka kwa tabu na kupotelea nyuma ya choo.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipofanyika, na waliolifanya ni wanawake wawili wema wenye hofu ya Mungu. Waovu wangekwishamponda yule mnyama, na leo tusingekuwa na la kusimulia.

Popo wenyewe hawakuwa wageni. Walikaa miaka kati ya mabati na dari ya matete, wakiingilia upenyo wa upenuni ambao mkono wa mtoto usingepita. Houssein alikuwa akisema hao ni wapangaji wake na kodi yao ni kula mbu. Kila mwaka aliahidi kuuziba upenyo ule, na kila mwaka magodoro ya watu yalitangulia. Mwaka ule, wa themanini na nne, alitangulia yeye mwenyewe. Matete ya dari pale juu ya kitanda yakaachana, na hapakuwa na mwanamume wa kuyafunga.

Kulipopambazuka vizuri Zuena alimkagua mtoto kama anayechambua mchele. Nyuma ya sikio la kushoto aliona kitone chekundu, kidogo kuliko alama ya sindano ya cherehani. Pengine ni kiroboto. Pengine Salama alijikuna mwenyewe. Akakitazama hadi macho yakamtoka machozi, na kitone hakikusema neno.

Jirani yao Donatienne, Mkongo wa Kivu aliyeuza vitenge sokoni, ndiye aliyekuja kuuliza kelele zile zilikuwa za nini. Alipoambiwa, hakukaa hata kitako. Alikwenda kumwita mumewe, Baguma, muuguzi wa hospitalini. Baguma akaja, ila hakuingia, kwa sababu mwanamume asiye ndugu haingii kwa mwenye eda. Alisimama nyuma ya pazia la mlango, na Zuena akawa anazungumza na viatu vyake.

"Mama Salama, ile popo iko wapi?"

"Tumemwachia, Papa Baguma."

Viatu vikarudi nyuma hatua moja.

"Aa, mama. Mungeifunika na kopo, bila kugusa na mukono, mufunge na kifuniko. Mi ningeipeleka kwa docteur wa banyama, bapime kichwa yake. Hapo tungejua kama iko na ugonjwa ao hapana. Sasa hatujue, na hatutajua."

"Ugonjwa gani?"

"Ule wa imbwa ya wazimu. Popo nayo inaweza kuwa nao. Si zote, hata si mingi. Mais ile yenye inaanguka mu kitanda, yenye haiwezi kuruka muzuri, ile mi naiogopa. Meno yake ni madogo sana. Mutoto analala, hasikie kitu."

"Kuna alama nyuma ya sikio. Huenda ni kiroboto."

"Huenda. Donc tufanye kama ni popo. Osha na sabuni na maji mingi, wacha maji itiririke, usichoke haraka. Kisha achomwe vaccin. Hapa Gitega iliisha. Iko Muyinga, kwa bamasera, bale basista ba misioni, mu frigo yabo. Ni sindano za tumbo, moja kila siku, karibu wiki mbili. Asikose hata moja."

"Je, tukingoja tuone kama ataumwa, ndipo tumpeleke?"

"Hapana, mama." Baguma aliongea polepole sasa. "Ikishaanza, ataogopa maji. Atataka kunywa, koo inakataa. Na hapo hakuna dawa. Hapa haiko, na kwa Bazungu haiko."

Zuena aliosha. Alimaliza mche mzima wa sabuni nyuma ya sikio moja, Salama akilalamika kwamba maji yanamwingia. Alipomaliza alikwenda chumbani, akavaa buibui juu ya shuka lake jeupe la eda, akatoka amemshika mtoto mkono. Bi Amisa alikuwa amekaa kizingitini.

"Unaenda wapi?"

"Muyinga, shangazi."

"We? Na eda?"

"Ni mtoto, shangazi. Umesikia alivyosema."

"Nimesikia. Na ule mutoto ni damu yangu, si yako peke yako. Lakini mujane anatoka, anapanda gari na banaume, anapita njia nzima? Houssein hata hajapoa mu kaburi. Batu batasema nini? Mungu atasema nini?" Akamshika Zuena kiwiko, na sauti ikalegea. "Mwanangu, mi nitamupeleka. Kwa bamasera ni karibu na kwangu. Nitamupeleka kila siku, mi mwenyewe, mpaka zimalizike. We kaa, umuombe Mungu."

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Msikiti ulikuwa hatua chache kutoka pale, na ndani yake mlikuwa na watu waliosoma. Hakwenda mtu kuuliza. Zuena hakwenda kwa sababu haendi popote, na Bi Amisa hakwenda kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari. Kwa hiyo mama akaivua buibui, akamfunga mwanawe nguo mbili na maandazi katika kitambaa, akamkabidhi. Salama alifurahi. Alikuwa hajapanda gari tangu azaliwe.

Ukitaka kujua kukosa nguvu ni nini, kakae ndani ya ua wakati mwanao anachomwa sindano mji mwingine. Hakukuwa na simu mtaani. Habari zilipitia kwa Chabani, dereva wa kamioneti iliyoleta maharage kutoka Muyinga. Akifika Gitega alisimama nyuma ya ukuta na kupiga kelele, mtaa mzima ukasikia mambo ya tumbo la Salama.

"Mama Salama! Banasema amechomwa ya kwanza! Alilia, halafu akakula ndizi!"

Zuena alicheka peke yake uani, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Safari iliyofuata Chabani alisema sindano zinaendelea. Safari ya baadaye alisema mtoto tumbo limemvimba, lakini masera amesema ni kawaida.

Chumba cha kulala Zuena alikihama. Alitandika godoro katika baraza ya ndani, akachomekea chandarua chini ya godoro pande zote, akamwomba Donatienne aje aizibe dari kwa matambara. Alitaka na upenyo wa nje uzibwe siku ileile. Baguma akakataa, kutoka nyuma ya pazia lake.

"Usizibe sasa, mama. Batoto babo bako mule, bado habajue kuruka. Ukiziba, mama zao batazunguka nyumba, batatafuta njia mpaka bashuke kwako ndani. Ngoja bakomae. Siku moja jioni, zote zikishatoka kutafuta chakula, mi nitaziba na udongo."

Basi Zuena akakaa chini yao. Kila magharibi aliwasikia wakikwaruza mabati na kutoka mmoja mmoja, na alfajiri aliwasikia wakirudi, na vitoto vyao vikiwapokea kwa milio myembamba. Aliwachukia kwa moyo wake wote. Popo walitoka wakarudi kwa watoto wao. Yeye ndiye hakutoka.

Kisha kamioneti ikapita bila kusimama. Safari iliyofuata ikapita tena. Zuena alimtuma Donatienne sokoni akamkamate dereva, na Donatienne, ambaye hakupata kumwogopa mwanamume yeyote zaidi ya afisa wa forodha, alirudi naye amemshika shati. Chabani akasimama nyuma ya pazia.

"Mbona hukusimama?"

"Nilikuwa na haraka, mama." Akakohoa. "Bi Amisa anakusalimu sana. Anasema usiwe na wasiwasi. Mutoto ameshapona."

"Amepona nini? Hakuwa mgonjwa."

Chabani akalivuta shati lake likae sawa.

"Sindano zimekwisha?"

"Mi ni dereva tu, mama Salama. Nimesema vile nilitumwa."

Zuena alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Sindano hazikuweza kuwa zimefika hata nusu. Hakumwita Baguma kuulizia, wala hakungoja kusikia atakalosema mtu. Aliivaa buibui, akalisukuma pazia, akapita mbele ya Chabani aliyeruka pembeni na kutazama ardhi kwa adabu, akaenda moja kwa moja kwenye kamioneti na kukaa juu ya magunia matupu. Mchana kweupe. Wanawake walisimama milangoni mwao, mmoja akaita jina la Mungu. Hakuna aliyemzuia. Hilo ndilo lililomuuma njia nzima, kupita Karuzi na vumbi lake: hakuna hata mmoja aliyemzuia, na angeweza kutoka hivihivi siku ile ya kwanza.

Alimkuta Salama uani kwa Bi Amisa, mjini Muyinga, anaruka kamba. Mtoto alimkimbilia akamkumbatia magoti. Zuena akachutama, akamfunua gauni. Tumbo lilikuwa na mabonge magumu, mekundu, yamepangana kuzunguka kitovu. Alipoyagusa, Salama alijikunja.

Bi Amisa alitoka jikoni, mikono ina unga. Alipomwona mjane amesimama uani pake na buibui ya vumbi, hakusema la eda wala la aibu. Aliketi chini hapohapo.

"Alikuwa analia, mwanangu. Kila asubuhi akiona njia ya kwa bamasera, anajitupa chini, ananishika miguu, 'bibi usinipeleke, bibi nitakuwa muzuri.' Tumbo ilikuwa moto kama sufuria. Mi ni muzee. Mi sikuweza." Akajipangusa uso kwa unga ule. "Nikaenda kwa maalimu Radjabu, akamwandikia kombe. Amekunywa kombe kila siku, hakukosa hata siku moja. Na umuone. Iko muzima. Si iko muzima?"

Ungetaka kumkasirikia, na Zuena alitaka sana. Alitafuta neno la kumchoma mwanamke yule, na kila alilolipata lilikuwa linamrudia mwenyewe. Nani alimkabidhi mtoto? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi alikuwa amekaa Gitega akisikiliza popo. Akamnyanyua Salama mgongoni, akauliza njia ya kwa masera.

Masera alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza. Alimtambua mtoto mara moja. Aliwapeleka mbele ya friji ya mafuta ya taa, akaifungua, kana kwamba Zuena hataamini bila kuona. Ndani mlikuwa na chupa za dawa nyingine na limau nusu.

"Nilimwekea zake," alisema. "Nikangoja. Nikatuma mtu nyumbani, akaambiwa mtoto amepelekwa kwao Gitega. Halafu wakaletwa watu wa Giteranyi, ndugu watatu, wameumwa na mbwa mmoja, damu inatoka. Ningefanya nini?"

"Nyingine zinakuja lini?"

"Nimeomba Bujumbura. Wakileta, tutaanza upya. Sijui lini."

"Na hizo alizochomwa? Si zinasaidia?"

"Labda zinatosha. Labda popo hakumng'ata. Labda alimng'ata na hakuwa na ugonjwa." Masera akavua miwani. "Umwangalie tu, mama."

"Mpaka lini?"

"Miezi. Wengine mwaka."

Jioni ile maalimu Radjabu alikuja kwa Bi Amisa mwenyewe, kwa sababu habari katika mji wa Muyinga hazihitaji kamioneti. Alikuwa mzee mkavu, mwenye kikohozi. Alikaa nje ya mlango kwa heshima, Zuena akawa ndani.

"Mama, mi sikusema baache sindano," alianza. "Kombe ni dua. Dua na dawa vinakwenda pamoja. Walisema tu mutoto analia, nikaandika."

"Sikulaumu, maalimu."

"Na neno lingine. Nimesikia ulizuiwa kutoka kwa sababu ya eda." Akakohoa muda mrefu. "Eda haifunge mama mwenye haja kama ile. Ungetoka siku ileile, ukamupeleka mwenyewe, ukarudi kulala kwako, na hakuna dhambi. Kama wangeniuliza, ningewaambia. Waliniuliza kombe tu."

Bi Amisa, aliyekuwa anachambua mboga, aliacha. Hakuna aliyemtazama. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na wakamsikia analia kwa sauti kubwa, kilio cha matanga. Zuena hakwenda kumnyamazisha. Majuto ni mjukuu, na mjukuu yule alikuwa amelala mapajani mwake, anapumua.

Chanjo haikuja wiki ile, wala iliyofuata. Kila asubuhi Zuena alikwenda kwa masera, na kila asubuhi masera alitikisa kichwa kabla hajafika mlangoni. Kutoka Gitega Baguma alituma salamu kuwa vitoto vya popo vimeruka na upenyo umezibwa, hakuna kilichobaki ndani. Zuena alisema ahsante. Ilikuwa kazi nzuri, imefanywa inavyotakiwa, na haikumfaa kitu.

Eda ilimalizikia Muyinga. Wanawake wa ukoo walikuja asubuhi, wakamwogesha, wakamvua shuka jeupe, wakamvika gauni la kijani na kanga mpya, wakampaka hina na kumtilia manukato. Walikuwa na furaha ya kweli. Mjane akitoka eda salama ni jambo la kushukuru. Palipikwa pilau. Palikorogwa juisi ya marakuja katika ndoo, na vikombe vikapitishwa, vya wakubwa na vya watoto.

"Sitaki," alisema Salama.

Hakuna aliyesikia isipokuwa mmoja. Zuena, mikono ina hina mbichi, aliacha wanawake katikati ya wimbo wao, akavuka mkeka, akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Kunywa."

"Sitaki, mama. Nimeshiba."

"Kunywa kidogo tu."

"Ni chungu."

"Nimesema kunywa!"

Wimbo ukakatika. Zuena alikishika kikombe, akakibandika midomoni mwa mtoto, hina ikamchafua shavu, juisi ikamwagika kidevuni na kwenye gauni la sherehe. Salama alianza kulia. Alimeza huku analia, akapaliwa, akakohoa, akameza tena. Zuena alikuwa hamtazami usoni. Alikuwa amelikazia macho lile koo dogo, linavyopanda na kushuka. Bi Amisa alikuja akasimama nyuma yake, naye akalitazama.

Kikombe kikaisha. Salama akajifuta pua kwa mkono.

"Nimekunywa yote," alisema. "Sasa umefurahi?"

"Nimefurahi, mwanangu."

Mwanamke mmoja akacheka, akasema mama huyu ana wasiwasi, jamani, mtoto hafi kwa kukataa juisi. Wengine wakacheka pia, na wimbo ukaanza upya. Zuena akarudi mahali pake, akanyoosha mikono ili wamrudishie hina palipofutika. Alasiri, wageni walipoondoka, alimwita Salama akampa maji.